Mstari Mweusi Katikati ya Kabati

Ukitaka kumuudhi dada yangu, mletee kitu cha zamani huku umekitanguliza kwa maneno. Mwambie hili bakuli ni la babu yake babu, lilifichwa shimoni wakati wa vita, na kuna mjomba aliyeng'oka meno mawili akiligombania. Dada atakusikiliza kidogo, kisha atainua kiganja kama askari wa barabarani na kusema, "Kitu kwanza. Hadithi baadaye." Hapo atalipindua bakuli lako na kulimulika makalioni, na wewe utabaki umesimama na hadithi yako mdomoni.

Jina lake la kwenye vyeti linajulikana benki na hospitali tu. Mjini anaitwa Bi Tochi, kwa sababu ya ile tochi nyembamba anayoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na kwa sababu hajawahi kukitazama kitu kwa mbele kabla hajakitazama kwa nyuma na kwa chini. Ni mthamini. Kazi yake ni kukuambia kitu ulichorithi ni nini hasa, kina umri gani, na ukikipeleka sokoni kitakuletea nini. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nyumba ya mnada hufungua ukumbi wake, na watu hupanga foleni tangu asubuhi, wamebeba urithi wao uliofungwa kwa mashuka, mataulo na magazeti. Mimi, mdogo wake, nakaa mlangoni. Natoa namba, naandika kwenye daftari, nawatuliza wenye presha. Baba yetu alipogawa vipaji, yeye alimpa macho na mimi akanipa mdomo, na sijawahi kulalamika.

Tumeona mengi pale. Kuna bwana mmoja alikuja na upanga ndani ya ala ya ngozi, kifua mbele, akininong'oneza kwamba ulitoka kwa mfalme. Dada alifungua mpini, akamulika, akampa lenzi asome mwenyewe. Kwenye chuma kulikuwa na nembo ya kiwanda cha visu vya jikoni. Bwana yule alisoma mara mbili, akaufunga upanga wake, akaomba aonyeshwe mlango wa nyuma. Siku hiyo hiyo mama mmoja alileta saa ya mezani aliyoitunza ndani ya blanketi miaka yote. Saa haikuwa kitu. Lakini alikuwa ameibeba juu ya sinia moja jeusi, baya, na dada akaiweka saa pembeni, akausugua ukingo wa sinia kwa kitambaa, na chini ya weusi ule kulikuwa na fedha tupu. Mama yule alinigeukia mimi, macho yamemtoka, akaniambia amelimenyea vitunguu miaka thelathini.

Dada hakusomea kazi hii. Aliingia nyumba ya mnada akiwa na ndoo na tambara, na kwa miaka minane alikuwa mfagizi. Mtu anayepangusa samani kila siku anaziona sehemu ambazo mnunuzi hazioni. Anazijua uvunguni, anazijua mgongoni, na anajua kwamba vumbi lina tabia zake. La mwaka mmoja huondoka ukilipulizia. La miaka kumi linataka maji. La miaka hamsini hulitoi kwa chochote, limeshakuwa mbao. Alikuwepo mthamini wa wakati ule, mzee mmoja tuliyemwita Mzee Miwani, na siku moja alipokuwa akimsifia mteja meza fulani kuwa ni ya kale kuanzia juu hadi chini, sauti ikatoka uvunguni ikisema, "Shikamoo mzee, lakini hii miguu ni mipya. Haina uchafu kwenye kona." Mzee aliinama huku akiguna, akatazama kona zote nne. Kesho yake alimpa dada ile tochi aishike.

Macho ya Mzee Miwani yalipochoka kabisa, bosi wa mnada alikuwa na njia mbili tu, kufunga meza ya mthamini au kumpa mfagizi. Alimpa mfagizi, kwa mshahara wa mfagizi, na kwa miezi sita dada alithamini asubuhi na kupiga deki jioni. Nakumbuka nilivyokasirika kwa niaba yake. Yeye hakukasirika, alikuwa na haraka ya kujua.

Ni katika mwaka ule wa kwanza ndipo tulipoitwa nyumbani kwa mjane mmoja mwenye watoto wawili. Mkubwa alikuwa wa kiume, fundi cherehani. Mdogo wake alikuwa msusi, wakati huo akizunguka kusuka majumbani huku mtoto yuko mgongoni na mwingine yuko tumboni. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vinne, na chumba kimoja kilikuwa na mlango wa barabarani. Humo ndimo Fundi alimokuwa akishonea. Mama yao alitaka kugawa mali yake angali hai, kwa mkono wake, ili asiwaachie wanawe kazi ya kuraruana. Nyumba haikatwi vipande, alituambia. Lakini alikuwa na kabati alilopewa na mama mkwe wake, na kila aliyewahi kuingia sebuleni alilisifia. Swali lake lilikuwa moja: je, kabati hili linalingana na kile chumba cha barabarani? Likilingana, mmoja achukue nyumba yote, mwingine achukue kabati, na pasiwe na neno.

Kabati lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Lilikuwa refu kuliko mlango, juu lina milango ya vioo, chini lina droo pana na vishikio vya shaba. Dada alianza nyuma, kama kawaida yake. Akamulika, akavuta droo zote, akaingiza pua ndani. Likabaki jambo moja. Makabati ya namna ile hutengenezwa kwa sehemu mbili, ya juu inakalia ya chini bila gundi wala msumari, ili yaweze kubebwa. Na kwa kuwa hivyo, wapo wajanja wanaochukua juu ya hili na chini ya lile, wakayakutanisha na kuyauza kama kitu kimoja. Wathamini wanauita ujanja huo ndoa, na hawasemi kwa kusifia. Kabati la ndoa ni kabati la kuwekea vyombo tu. Kulitambua ni rahisi, unainua ya juu na kutazama katikati.

Lakini ya juu ilikuwa imejaa. Bilauri, vikombe, sahani za maua, birika ambalo lilionekana halijawahi kuona maji. Na mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti mbele yake, mtu mzima, kanga yake safi, mikono mapajani. Msichana ambaye jana yake alikuwa ameshika tambara la deki hakuwa na ubavu wa kumwambia mama yule atoe vyombo vyake vyote sakafuni. Kwa hiyo dada alifanya alichokijua kuliko watu wote. Alimulika kwenye kiungo. Akaona mstari mweusi, mwembamba, ulioonekana mgumu, uliozunguka kabati lote bila kukatika mahali.

"Uchafu wa miaka sitini," alininong'oneza, uso umemng'aa. Maana yake ni kwamba sehemu zile mbili hazijawahi kuachana.

Yule mama alimwona anamulika pale, akafungua mdomo. Alianza kusema, "Hapo mwanangu, mimi huwa..." na dada akainua kiganja, kwa heshima zote, akamwambia kitu kwanza, mama, hadithi baadaye. Baadaye yenyewe haikufika. Ililetwa juisi, wakaja majirani, dada akaandika. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika karatasi, na niliuona ule mdomo ukifunguka na kufungwa. Sikusema kitu, mimi mwenye mdomo.

Karatasi ilisema kabati ni la mwili mmoja, la asili, na bei yake inatosha chumba chenye mlango wa barabarani. Mama alilia kwa furaha. Fundi, akiwa kaka mkubwa, akasema mdogo wake ana watoto, achukue nyumba, yeye atachukua kabati. Wakakubaliana mbele yetu. Miaka miwili baadaye mama yao alifariki akiwa na amani, na Fundi akahamisha cherehani kwenye chumba cha kupanga upande wa pili wa soko. Kabati akaliweka nyumbani kwake, ikawa ndiyo akiba yake, haligusi.

Ikapita miaka kumi na miwili tangu siku ya karatasi. Dada sasa ana jina, watu wanatoka miji mingine kumfuata. Jumamosi moja mwezi wa saba, wabebaji wakaingia ukumbini na kabati lile, Fundi yuko nyuma yao, mvi zimeanza kumtoka, mkononi ana karatasi ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuja kuuliza. Alikuja kupangiwa tarehe ya mnada. Mwenye jengo alikopanga chumba cha kushonea alikuwa ameliuza, na Fundi alipewa hadi mwisho wa mwezi awe ametoka. Lakini alikuwa ametulia, anacheka na kila mtu, kwa sababu alishapata chumba kidogo kinachouzwa, na mwenye chumba amekubali kumsubiri mpaka kabati liuzwe. Aliniambia sasa ataacha kushona kwenye chumba cha watu.

Wabebaji, ili wapite mlangoni, walikuwa wameinua sehemu ya juu. Kabati lilikuwa sakafuni vipande viwili, kimoja kando ya mwenzake. Dada alitoka mezani kwake akitabasamu, mkono ameunyoosha kumsalimia Fundi, na mkono ule haukufika. Alikuwa anatazama uso wa juu wa sehemu ya chini, pale ile nyingine inapokalia.

Uso ule ulikuwa umepigwa msasa na kung'arishwa. Juu yake kulikuwa na alama za duara, nyeupe nyeupe, nyingi, za vikombe vya moto. Mahali pasipoonekana hakuna fundi anayepang'arisha. Na hakuna mtu anayeweza kuweka kikombe katikati ya kabati. Hiyo sehemu ya chini ilikuwa imeishi maisha yake peke yake zamani, ikiwa meza ya droo sebuleni kwa mtu, watu wakinywea chai juu yake. Dada akapiga magoti, akaigeuza ile ya juu. Chini yake kulikuwa na alama nne za miguu iliyokatwa kwa msumeno. Kisha akaukwaruza ule mstari mweusi kwa ukucha. Ukatoka laini kama sabuni. Akaunusa.

Fundi alikuwa bado anacheka. "Hiyo ni nta ya Mama," alituambia. "Sisimizi walikuwa wanapanda kufuata sukari, basi alikuwa anayeyusha mshumaa, anachanganya na rangi ya viatu, anaziba pale katikati. Kila mwaka. Nilikuwa namshikia taa."

Sijawahi kuona uso wa dada ukiwa vile. Hata baba alipokufa haukuwa vile. Alimwomba Fundi akae, akaniambia nimpe chai, akaenda ofisini kwa bosi, na mimi chai nikamwachia mtu mwingine nikamfuata.

Nataka niseme wazi nilichosema mle ndani, kwa kuwa sijivunii. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia kabati likiwekwa pamoja linapendeza, saini ipo, mnunuzi ana macho yake, na Fundi atapata chumba chake na sisi tutalala. Bosi, ambaye kwa kawaida hatupatani hata kwenye saa ya kufunga, aliniunga mkono mia kwa mia. Alimwuliza dada kama anajua ni karatasi ngapi alizoandika mwaka ule wa kwanza, na ni nani atakayeziamini akisimama mbele za watu na kukana moja.

Dada alisema anajua. Ni arobaini na moja. Akasema atazirudia zote, nyumba moja baada ya nyingine, siku zake za mapumziko, na asiyetaka kumfungulia mlango atamwachia barua. Nami nikapandisha sauti. Nikamwuliza Fundi ataiweka wapi cherehani yake hiyo karatasi ikishakanwa.

"Nikinyamaza, atakayenunua atakuja kuliinua siku moja," alinijibu. "Atarudi kwa Fundi, si kwangu. Na Fundi atakuwa ameshakula ile hela. Mimi nimemkosea mara moja. Unataka nimkosee mara mbili?"

Nilimfungulia mlango.

Alitoka, akamvutia Fundi kiti, na yeye akakaa juu ya sanduku mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Hakuzunguka. "Fundi, nilikosea," alisema. "Hili ni kabati la vitu viwili. Halijawahi kuwa moja. Niliona nta ya mama yako nikadhani ni miaka." Akamwonyesha zile duara, akamwonyesha miguu iliyokatwa, akamshika mkono na kumpitisha kidole pale. Fundi akauliza sasa lina thamani gani. Dada akamwambia haifiki robo ya chumba.

Fundi aliukunja ule mfuko wa plastiki wa karatasi yake. Kwenye foleni watu walikuwa wamekumbatia mashuka yao. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, na swali lake halikuwa la pesa. Aliuliza kama mama yake alimdanganya.

"Mama yako alitaka kuniambia," dada alisema. "Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Niligeuka nikatazama ukuta. Nilikuwepo, na ningeweza kusema hata neno moja siku ile.

Dada aliandika karatasi mpya pale pale, na chini akaandika kwamba ile ya kwanza ni kosa lake mwenyewe na si la mtu mwingine yeyote. Alitoa nakala mbili. Moja ya Fundi, ya pili ya mdogo wake, Msusi. Fundi aliposikia hivyo alisimama. Alisema yeye na mdogo wake wanaonana misibani na harusini tu, na akienda leo ataonekana anakwenda kuomba. Haendi. Bora akashonee barabarani chini ya mwavuli.

"Huendi kuomba," dada akamwambia. "Mimi ndiye ninayekwenda kusema. Wewe unakuja kusikia."

Tangu siku ile, niseme hapa nisije nikasahau, dada bado anainua kiganja, lakini kuna swali moja anakuuliza kabla hajawasha tochi. Anakuuliza unakisafishaje. Utashangaa watu wanavyojibu. Na zile karatasi arobaini na moja amezirudia zote, na alikuta makosa mengine mawili, madogo, akayaandika. Foleni haikupungua. Imeongezeka hadi bosi ameniongezea meza mlangoni, na anatembea akisema ilikuwa shauri lake.

Tulikwenda kwa Msusi jioni ile ile, watatu. Kile chumba cha barabarani kilikuwa sasa saluni. Kioo kirefu ukutani, draya mbili, rasta za kusukia zikining'inia kwa rangi zake, harufu ya mafuta ya nywele na ya nywele zilizoungua kidogo. Watoto wake wawili walikuwa wamekua, wanafanya kazi za shule nyuma ya pazia. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Alimwona kaka yake mlangoni, mikono ikasita kidogo, kisha ikaendelea. Aliitikia salamu zetu kama mtu anayehesabu.

Dada alisema akiwa amesimama. Alisema yote, kabati, mstari, nta, kiganja chake, na jinsi mama yao alivyokatizwa. Akaiweka karatasi kwenye meza ya vitana. Msusi hakuisoma. Alituambia tukae kwenye benchi, na akakimaliza kichwa kile chote, mstari kwa mstari, kwa muda wa saa nzima. Mdomo wangu ulikuwa unaniwasha. Dada alikuwa ameuweka mguu wake juu ya wangu, na kila nilipovuta pumzi ya kusema aliukandamiza. Fundi alikuwa ametazama sakafu. Zilibaki siku ishirini na sita mwezi uishe, na alikuwa mtu wa miaka hamsini kasoro asiye na mahali pa kuweka meza.

Mteja alipoondoka, Msusi alirudisha mlango nusu, akasoma karatasi kuanzia juu hadi saini, akamwuliza kaka yake alijua lini. Fundi akasema leo asubuhi.

"Umetugombanisha, Bi Tochi," Msusi akasema. "Kwa karatasi moja."

"Ndiyo."

"Husemi samahani?"

"Nimeiandika humo," dada alisema. "Na nasema pia. Nisameheni."

Msusi alikaa kwenye kiti cha wateja, akageuka, akawa anamtazama kaka yake kupitia kioo. Nilidhani atatutimua. Nilishaanza kuandaa matusi yangu. Lakini alianza kusema polepole, na alikuwa anasema na yule kaka wa kwenye kioo.

"Unajua nilikuwa nikijiambia nini kila nikifungua mlango huu asubuhi? Kwamba Mama alikupa wewe kitu cha thamani, mimi akanipa paa linalovuja. Watu wanakuja hapa wananiuliza, lile kabati la Mama analo nani? Nawaambia, analo mtoto mpendwa. Ndiyo maana sikuwa nakuja kwako. Sikutaka kuliona."

"Mimi nikipita hapa navuka upande wa pili," Fundi akasema. "Nisiuone mlango."

Nyuma ya pazia mmoja wa watoto alisoma jibu la hesabu kwa sauti, mwenzake akamwambia amekosea. Msusi akajifuta macho kwa kitambaa cha wateja, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Akasema kwa hiyo wamekaa miaka kumi na miwili, mtu na kaka yake wa tumbo moja, wakioneana wivu juu ya nta ya sisimizi. Fundi akaitikia kwa kichwa. Hakusema kuhusu chumba. Hakusema kuhusu mwisho wa mwezi. Mimi ndiye niliyesema, dada aliponiondolea mguu. Nikamwambia Msusi siku zimebaki ishirini na sita kaka yake atolewe kwenye chumba cha kushonea, na nikanyamaza, mara moja katika maisha yangu, kwa wakati unaofaa.

Msusi alitazama saluni yake. Alitazama dirisha la kulia, lile lenye mwanga wa asubuhi, ambapo kulikuwa na draya ya pili na sofa ya kusubiria. Aliinuka, akachomoa waya wa draya ukutani, akaisukuma mwenyewe hadi upande wa kushoto. Ilikuwa nzito, magurudumu yalikwaruza, na alipokataa kusaidiwa hakuna aliyejaribu tena. Kisha akasogeza sofa, na mahali pale pakabaki wazi.

"Hapa ndipo ulipokuwa ukikaa," alimwambia kaka yake. "Alama za miguu ya meza yako zilikuwepo mpaka nilipobadilisha sakafu. Wateja wangu wote wanashonesha nguo kwa watu wengine. Meza yako ina urefu gani?"

Fundi alikuwa na tepu ya kupimia shingoni, kama mafundi wote. Aliishika, akaivuta hadi kwenye urefu wa meza yake alioujua kwa mkono, akaitazama, na hakuweza kuisoma. Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, mtu aliyepima viuno vya mji mzima. Dada yangu akaichukua ile tepu mkononi mwake taratibu, kidole kikiwa pale pale alipoishika Fundi. Akapiga magoti kwenye nywele zilizotapakaa sakafuni, akavuta kutoka ukutani hadi kizingitini, akasoma. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, kwa sababu safari hii hakutaka kukosea.

"Inaingia," akasema. "Na kiti chake."